Wakati ni nini, na saa inapima nini hasa?

Neno "saa" limebeba mizigo mitatu kwa mpigo. Ni chombo kinachovaliwa mkononi au kutundikwa ukutani, ni kipande cha dakika 60, na ni alama ndani ya siku, kama mtu anapouliza "saa ngapi sasa?" Mazungumzoni hakuna anayetatizika. Ila neno hilo hilo hufunika swali gumu: chombo kile kinapima kitu gani?

Kwanza tutenge wakati na muda. Wakati hujibu "lini": basi linaondoka wakati gani? Muda hujibu "kwa urefu gani": safari inachukua muda gani? Kupima muda kunahitaji kitu kinachojirudia (jua, kizito kinachobembea, mtetemo wa fuwele) na njia ya kuhesabu marudio yake. Kutaja wakati kunahitaji kitu cha ziada: mahali pa kuanzia hesabu. Mahali hapo huchaguliwa na watu. Maumbile hayana saa sifuri.

Hesabu ya Kiswahili huanzia macheo na machweo, ya kimataifa huanzia usiku wa manane, ndiyo maana zinapishana kwa saa 6. Tiketi ikisema 07:00, ni saa 1 asubuhi. 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Waamhara wa Ethiopia nao huhesabu hivyo hivyo. Karibu na ikweta hesabu hii inakaa vizuri: Dar es Salaam jua huchomoza kati ya takriban saa 11:55 alfajiri na saa 12:37 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo "saa 12 asubuhi" na macheo havitupani mbali. Ipeleke Muscat, Oman, ambako mchana ni kama saa 13 na nusu mwezi Juni na saa 10 na dakika 40 Desemba, na fundo linaanza kulegea. London ndiyo inafunguka kabisa: saa 12 jioni ya Desemba, giza limeshatimiza saa mbili.

Kosa linalowagharimu watu si la kuongeza au kutoa sita, ni la tarehe. "Jumamosi saa 8 usiku" ni usiku upi? Kwa kalenda ya ofisi ni 02:00, yaani usiku ulioanza Ijumaa jioni. Kwa mazoea ya pwani ya zamani, siku huanza jua linapozama, na "usiku wa Ijumaa" ulikuwa ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu anayeandika tangazo la safari au la msiba aandike "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Hapo hakuna wa kukosea. (Juma lenyewe lina utani wake: Jumatano ni siku ya tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano.)

Sasa tulipime jua lenyewe. Chukua kijiti chenye urefu wa mita 1, kisimamishe wima kwa timazi kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji. Zungushia duara lenye nusu kipenyo cha mita 1, kijiti kikiwa katikati. Asubuhi kivuli kinatoka nje ya duara na kuzidi kufupika. Ncha yake ikigusa mstari, andika saa. Alasiri kitarefuka na kuugusa tena, andika saa. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo jua lilipokuwa juu kabisa. Katikati ya Julai hapo Dar utapata kitu kama saa 4:07 na saa 8:49. Jumlisha, gawa kwa mbili: saa 6:28.

Usijaribu njia ya mkato ya kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote. Karibu na adhuhuri urefu wa kivuli haubadiliki karibu kabisa kwa dakika kadhaa, nao ukingo wake ni ukungu wa kama sentimita 1 kwa kila mita, kwa sababu jua si nukta bali ni duara la nusu digrii. Kivuli cha saa 4 kinakimbia, hivyo kosa lake ni dogo. Kijiti kikiinama upande wa mashariki au magharibi, jibu zima linahama.

Lakini kwa nini 6:28 na si saa 6 kamili? Sababu ya kwanza ni ramani. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya digrii 45, na kila digrii moja ya kwenda magharibi hulichelewesha jua kwa dakika 4. Dar iko digrii 39.3, kwa hiyo dakika 23 zinapotea. Kigoma iko digrii 29.6, na adhuhuri yake kwa wastani ni kama saa 7 na dakika 1. Bujumbura iko karibu kwenye longitudo ile ile, na jua la huko linapishana na la Kigoma kwa dakika moja tu. Lakini Burundi inafuata saa ya Afrika ya Kati, kwa hiyo saa za huko husoma 6:02. Jua ni moja, na anayetoka bandari ya Kigoma kwenda ya Bujumbura hurudisha mshale nyuma saa nzima.

Sababu ya pili ni jua lenyewe kutokuwa na mwendo sawa. Dunia huenda mbio zaidi inapokuwa karibu na jua, na mhimili wake umeinama. Ndiyo maana adhuhuri ya Dar huangukia kama 6:06 mwanzoni mwa Novemba na 6:37 katikati ya Februari. Siku ya jua mwishoni mwa Desemba inazidi saa 24 kwa karibu sekunde 30.

Hapo simama kidogo. Tumesema siku ya Desemba ni "ndefu". Ndefu kuliko nini? Fundi cherehani akitaka kujua kama vipande viwili vya kitambaa ni sawa, anavilaza kimoja juu ya kingine. Saa ya jana haiwezi kuletwa leo ilazwe juu ya saa ya leo. Hatuna njia ya kulinganisha muda na muda moja kwa moja. Tunalinganisha kitu kinachojirudia na kitu kingine kinachojirudia, basi. Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1898: kwamba vipindi viwili "ni sawa" hatulioni, tunakubaliana juu yake, na tunachagua makubaliano yanayorahisisha kanuni za mwendo.

Hili limewahi kuwa tatizo la kazi, si la vitabuni tu. Mwaka 1672 Jean Richer, mwanaanga wa Ufaransa, alipeleka saa ya penduli (kizito kinachobembea) kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Kule ikawa inachelewa dakika 2 na nusu kwa siku. Alijuaje? Kwa kuitazama pamoja na nyota. Angeweza kusema nyota ndizo zimeongeza mwendo, lakini dhana hiyo ingevuruga hesabu zote za anga. Ilikuwa rahisi zaidi kukubali kwamba mvuto wa dunia ni hafifu kidogo karibu na ikweta, na penduli inabembea polepole.

Miaka ya 1930 mambo yakageuka. Saa za kwatsi, yaani za fuwele inayotetemeka, zilipozidi kuwa sahihi, ilionekana kwamba dunia yenyewe hujizungusha kwa mwendo usio sawa kati ya msimu na msimu. Shahidi mkuu akawa mshtakiwa. Isitoshe, mwezi na maji kujaa na kupwa vinaipunguzia dunia kasi, na siku inarefuka kwa karibu milisekunde 2 kila karne.

Saa ya kwatsi ndiyo wengi tuliyo nayo mkononi, kwa hiyo tuifungue. Ndani kuna betri, kifuwele kilichokatwa kama uma wenye meno mawili, saketi, koili na gia za plastiki au chuma. Umeme hukitetemesha kifuwele mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa njiani: ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata 1 kamili, na saketi inajua kugawa kwa mbili tu. Pigo moja kwa sekunde linakwenda kwenye koili, koili inasukuma gia, mshale unaruka. Kinachoharibu ni joto. Kifuwele hurekebishwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na ukikitoa hapo, iwe kwa joto au kwa baridi, kinapunguza mwendo. Saa iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari yenye nyuzi 60 hupoteza kama sekunde 3 na nusu kwa siku. Kuijaribu yako, ilinganishe na saa ya simu iliyounganishwa na mtandao, kisha rudia baada ya siku 30. Sekunde 15 ni kawaida. Mshale ukianza kuruka sekunde mbili mbili, katika saa nyingi hiyo ni ishara ya betri kuisha. Usipoteze hela kwa fundi.

Tangu 1967 sekunde imefungwa kwenye atomi: ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnunurisho (mionzi) wa atomi ya sesiamu 133, aina ya metali. Je, mizunguko hiyo iko sawa kweli? Swali halina pa kushika, kwa sababu sasa yenyewe ndiyo maana ya "sawa". Kinachoweza kupimwa ni kama saa mbili za sesiamu zinakubaliana, na saa rasmi ya dunia hutokana na wastani wa mamia ya saa za atomi katika nchi nyingi. Dunia ikibaki nyuma, inaongezwa sekunde moja. Tangu 1972 zimeongezwa 27, ya mwisho tarehe 31 Desemba 2016. Mifumo ya kompyuta haizipendi, na mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa vipimo ziliamua utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035.

Sasa nyuma ya marudio haya yote kuna kitu kiitwacho wakati, au marudio ndiyo wakati? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa wa upande wa pili: wakati ni hesabu ya mabadiliko kwa kufuata kabla na baada. Newton, mwanafizikia wa Uingereza, mwaka 1687 alisema kuna wakati halisi unaotiririka sawasawa hata kama hakuna kinachotokea. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, alimpinga: wakati ni mpangilio wa matukio, na bila matukio hakuna cha kupanga. Kwa karne mbili Newton alionekana mshindi. Kisha mwanafizikia Einstein, 1905 na 1915, akaonyesha kwamba saa mbili zilizo nzima zinaweza kuhesabu muda tofauti kwa sababu ya mwendo na mvuto. Hili limo kwenye simu yako. Saa za setilaiti za GPS, mfumo unaoionyesha simu mahali ilipo, ziko kilomita 20,200 juu na hutangulia za ardhini kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 38 kwa siku. Mwanga hukimbia mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo kosa hilo lisiporekebishwa ni zaidi ya kilomita 11 kila siku. Mto mmoja unaotiririka kwa wote, kama alivyouwaza Newton, haupo.

Linabaki neno dogo kuliko yote: sasa. Augustino, askofu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 354 mahali ambapo leo ni Algeria, aliuliza: yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajawapo, na sasa haina urefu, basi tunapima nini? Alijibu kwamba tunapima ndani ya nafsi, kwa kumbukumbu na matarajio. Mwaka 1908 McTaggart, mwanafalsafa wa Uingereza, alilikaza fundo hilo. Kwa mfano wa kwetu, uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, uko kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, na utakuwa kabla milele. Lakini kila moja lilikuwa lijalo, likawa sasa, likawa lililopita. Saa inatupa ule mpangilio wa kwanza pekee, wa kabla na baada. Piga picha ya saa ya ukutani inayosoma 4:07: picha inaonyesha wakati barabara, na haisemi kama ndiyo sasa.

John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia wa Kenya, alilichukua neno hilo hilo mwaka 1969. Alitumia Sasa na Zamani kueleza fikra za jadi za Kiafrika: Zamani ni bahari isiyo na mwisho ambamo matukio huzama, Sasa ni mambo ambayo watu wanayaishi, na wakati ujao karibu haupo kupita miaka miwili hivi. Ushahidi wake ulitoka kwenye vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alimpinga kwa mifano ya Kiakan, akasema Afrika nzima haiwezi kubebwa na lugha mbili. Kiswahili nacho kina la kusema, ingawa hoja zake hazilingani uzito. Tunazo kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, lakini siku nne zinaenea ndani ya miaka miwili ya Mbiti. Kupanga safari za jahazi kwa pepo za kaskazi na kusi ni hivyo hivyo, mambo ya mwaka mmoja. Ushahidi mzito uko shambani. Mnazi mrefu wa pwani huchukua miaka 6 hadi 10 kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa zaidi ya miaka 50, na watu wa pwani waliipanda wakairithisha, mara nyingine mti ukiwa na mwenyewe na ardhi ikiwa na mwingine.