Kwa nini "tajiri" hawezi kutia saini tu

Wiki mbili zilizopita ami yangu alinisimamisha pale Mkunguni, kikombe cha kahawa mkononi. Kikundi chao cha wavuvi kilikuwa kimekataliwa ombi la masanduku ya barafu na mashine ya boti. "Mwanangu," akanambia, "wewe wakaa na wenye fedha. Mwambie tajiri wako atie saini, mambo yaishe." Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, nikamjibu kwa maneno mawili matatu. Jibu lenyewe ni refu, na nimeliandika kwa ajili yake na kwa kila anayeandika ombi la ruzuku hapa Lamu.

Kwa miaka tisa nimekuwa afisa wa ruzuku wa wakfu wa familia moja ya Marekani. Mwanzilishi alikuwa mgeni wa Shela wa kila mwaka, na alipofariki aliacha fungu la mali litumike kwa kheri, sehemu yake hapa Pwani. Mimi husoma maombi, hupanda boti kwenda kuona, kisha huandikia bodi pendekezo. Wanaoamua ni wadhamini watano: watoto watatu wa marehemu, wakili na mhasibu. Hata hao watoto, ambao ndio "tajiri" wa ami yangu, hawawezi kuzigusa fedha zile wapendavyo. Siku baba yao alipotia saini hati ya kuanzisha wakfu, zilitoka mikononi mwa familia.

Mtu wa Lamu alishalijua jambo hili kabla hajasikia neno ruzuku. Ukiiweka nyumba wakfu kwa msikiti, umetoka. Huiuzi tena, na wanao hawairithi. Anayebaki ni msimamizi, mutawalli, naye amefungwa na nia ya mwekaji. Mafakihi husema sharti la mweka wakfu ni kama tamko la sheria. Kodi ya duka ikiwa imewekwa kwa ajili ya mafuta ya taa, haimlipi mwalimu wa chuo cha Kurani, hata kama mwalimu ana haja zaidi. Tena tunatofautisha wakfu wa dhuria, unaowatunza watoto na wajukuu, na wakfu wa kheri, ulio wa watu wote. Sheria ya Kenya nayo ina tofauti inayokaribiana na hiyo: tangu marekebisho ya mwaka 2021, amana ya familia, yaani mali iliyo mikononi mwa wadhamini kwa ajili ya kutunzwa na kurithishwa, inatambuliwa waziwazi, mbali na amana ya hisani.

Kwa hiyo swali la kwanza mezani huwa ni hati inasema nini. Ya kwetu inataja elimu ya wasichana, afya ya mama na mtoto, na hifadhi ya bahari. Ombi la kina ami lilizungumzia kuongeza kipato cha wavuvi. Ni jambo jema, lakini hati haikulitaja. Kilichoniuma ni kwamba kikundi hichohicho hufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na wanachama hulinda kwa zamu usiku. Hiyo ni hifadhi ya bahari hasa! Na barafu ndiyo inayomwezesha mvuvi kungoja bei nzuri badala ya kurudi mwambani kabla ya wakati. Katika kurasa sita hapakuwa na sentensi moja juu ya mwamba ule.

Sasa fedha zenyewe. Watu hudhani wakfu ukiwa na dola milioni 20 basi zipo zikingoja kugawanywa. Mtaji huwekezwa. Sheria ya Marekani, iliyoanzia mwaka 1969, inautaka wakfu binafsi wa aina hii utoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake iliyowekezwa. Kwa milioni 20 hiyo ni kama milioni 1, na gharama halali za kuendesha kazi ya hisani huhesabiwa humo. Wakfu usiotimiza hutozwa kodi ya adhabu. Masoko ya hisa yakishuka, fungu la kugawa nalo hupungua, na kikundi cha Faza kinaweza kukosa fedha kwa sababu ya jambo lililotokea New York.

Sheria hiyohiyo ndiyo mama wa makaratasi mnayoyalalamikia. Wakfu wa Marekani ukitaka kukipa fedha kikundi cha nje, una njia mbili. Ama uthibitishe kwamba kikundi hicho ni sawa na shirika la hisani la umma la kwao, au ubebe dhamana ya kufuatilia matumizi: ukichunguze kabla ya kutoa, muandikiane mkataba, fedha zisichanganywe na nyingine, ripoti ije, kisha wakfu wenyewe uiarifu mamlaka ya kodi. Vikundi vyetu vingi hupitia njia ya pili. Ninapodai risiti ya mbao kutoka Mokowe sikushuku wizi. Risiti ile inaingia katika jalada ambalo wadhamini wataulizwa, na kila ruzuku huandikwa katika taarifa ya mwaka ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma.

Familia nayo imefungwa, pengine kuliko nyinyi. Mwaka mmoja tuliandaa mafunzo ya wakunga, na mjukuu wa mwanzilishi, mwenye nyumba ya wageni, akataka kutupa vyumba kwa nusu bei. Wakili akakataa. Angetupa bure, ingekubalika. Kumlipa, hata kidogo, hata chini ya bei ya soko, hakuruhusiwi. Yule kijana alikasirika, lakini mimi siku ile niliona wakfu unaostahili jina lake.

Kuna jambo ambalo hakuna mkataba unaolitaja, nalo ni pepo za msimu, kusi na kaskazi. Bodi yetu hukutana Mei na Novemba. Ombi likipita Mei, mkataba hutiwa saini Juni na fedha hufika Julai, kusi likivuma na bahari imechafuka. Mwanzoni nililiona hilo balaa. Sasa nawashauri watu wa bahari walenge kikao hichohicho cha Mei: miezi ya kusi iwe ya kununua vifaa, kukarabati mashua na kufundishana, ili kaskazi liwakute tayari. Fedha za Novemba hufika Januari au Februari, na ukishakamilisha manunuzi kaskazi linakaribia kuisha.

Katika bajeti, andikeni gharama zote. Mafuta ya boti hadi Kizingitini, punda wa kubeba saruji kutoka gatini, posho ya mweka hazina anayeacha shughuli zake kwenda benki. Watu huzificha wakidhani tutawaona walafi, kisha mradi hukwama katikati. Mimi huirudisha bajeti isiyo na nauli, kwa kuwa najua imeandikwa kwa hofu.

Na mkipata hasara, semeni mapema. Kikundi kimoja cha kina mama kilipoteza karibu nusu ya saruji yao mashua ilipoingia maji. Mwenyekiti wao alinipigia simu kesho yake, na baada ya siku tatu nikapokea picha na barua iliyosainiwa na nahodha. Wadhamini walifidia hasara yote. Kikundi kingine kilipata msiba mdogo kuliko huo, kikanyamaza miezi minane, na mkataba ukavunjwa. Bi mkubwa mmoja wa kikundi hicho bado hanisalimu, na ninamwelewa.

Jumapili nilikaa barazani na ami yangu na wenzake wawili, tukaanza upya. Katiba ya kikundi ipo, cheti cha usajili kipo, na daftari la zamu za mwambani lina kurasa arubaini za majina na tarehe. Nilipouliza juu ya akaunti wakatazamana. Mmoja wa watia saini watatu alifariki mwaka juzi, na benki haijaarifiwa. Jumatatu asubuhi ami alikwenda na muhtasari wa mkutano mkononi kulirekebisha hilo.