Nahodha wa hurling enzi za mwanzo: Jim Stapleton alikuwa nani?

Hurling ni mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo mgumu, uitwao sliotar, kwa gongo la mti wa ash lililo bapa kwenye ncha. Siku hizi nahodha wa timu ya kaunti ni mtu maarufu, anayeinua kombe mbele ya maelfu. Zamani cheo hicho kilikuwa kitu kingine, na mfano mzuri ni Jim Stapleton, nahodha wa kwanza kutwaa ubingwa wa Ayalandi nzima.

Chama cha michezo ya jadi, GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Mashindano ya kwanza ya ubingwa yalikuwa ya mwaka 1887, na hapakuwa na timu teule ya kaunti. Klabu iliyoshinda nyumbani ndiyo iliyobeba jina la kaunti, kwa hiyo Tipperary iliwakilishwa na klabu ya Thurles. Nahodha aliwaongoza watu wa kwao, wengi wakiwa wa mtaa mmoja na wanaofahamiana tangu utotoni.

Kwa kweli Stapleton hakuwa ndiye aliyetarajiwa kuongoza siku ya fainali. Nahodha wa kawaida alikuwa Denis Maher wa Killinan, lakini yeye na wenzake kadhaa hawakusafiri kwa sababu ya mzozo wa gharama za safari. Wachezaji wale hawakulipwa chochote, na nauli ilikuwa mzigo mkubwa. Ndipo uongozi ukamwangukia Stapleton, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Naona hapo ndipo ugumu wa kazi yake ulipo: aliikamata timu iliyokosa watu wake wakubwa, muda ukiwa umekwisha.

Fainali ilichezwa mjini Birr, tarehe 1 Aprili 1888, Jumapili ya Pasaka, maana migogoro ndani ya chama iliichelewesha. Wapinzani walikuwa Meelick, klabu ya kaunti ya Galway, na kila upande ulikuwa na wachezaji 21. Sheria za wakati ule zingemshangaza shabiki wa leo. Goli moja lilizidi pointi zote, hata zingekuwa kumi. Mbali na milingoti ya goli, palikuwa na milingoti mingine pembeni yake, na mpira ukipita kati ya ile ya goli na ile ya pembeni, unahesabiwa pointi. Ukiwa nahodha katika hesabu kama hiyo, unawaambia watu wako walinde goli kwa gharama yoyote, kwani goli moja tu linaweza kuwamaliza. Thurles walilipata goli hilo kupitia Tommy Healy, wakaongeza pointi, na Meelick hawakuambulia kitu.

Hapakuwa na kombe la kuinua siku ile, na medali zilichelewa kwa takriban miaka 25. Kombe la Liam MacCarthy, linalopewa bingwa wa Ayalandi nzima, lilikuja baadaye sana: wa kwanza kulipokea ni Bob McConkey wa Limerick, kwa ubingwa wa mwaka 1921. Stapleton aliishi mpaka mwaka 1949, kwa hiyo aliyashuhudia mengi ya mabadiliko haya.

Mwaka 1892 timu ilipunguzwa hadi wachezaji 17, na klabu bingwa ikaruhusiwa kuchukua wachezaji kutoka klabu nyingine za kaunti. Hapo sura ya uongozi ikaanza kubadilika, kwani nahodha sasa aliwaongoza hata wapinzani wake wa jana. Klabu bingwa, hata hivyo, haikuachia haki yake kirahisi. Huko kaunti ya Kilkenny, kwa miaka mingi mno, iliendelea kumteua nahodha wa kaunti.