Seneti ya kwanza ya Ayalandi na nguvu ya kuchelewesha

Bunge likiwa na mabaraza mawili, ni nadra yote mawili kuwa na nguvu sawa. Kwa kawaida baraza la chini, lile wananchi wanalolichagua moja kwa moja, ndilo lenye kauli ya mwisho. Baraza la juu mara nyingi hubakiwa na kitu kinachoitwa nguvu ya kuchelewesha: linaweza kuukataa muswada, nao ukalala kwa muda uliotajwa na Katiba. Muda ukiisha na baraza la chini likashikilia msimamo wake, muswada unakuwa sheria, maseneta wapende wasipende.

Kwenye karatasi nguvu hiyo inaonekana kama adabu tu. Ilichoweza na ilichoshindwa kufanya kinaonekana vizuri katika miaka ya mwisho ya Seanad Éireann ya kwanza, Seneti ya Dola Huru ya Ayalandi, nchi iliyojitawala huku ikibaki chini ya Mfalme wa Uingereza. Seneti hiyo ilizaliwa Desemba 1922 na kufutwa tarehe 29 Mei 1936.

Seneti hiyo ilikuwa na watu 60. Safari ya kwanza nusu yao walichaguliwa na Dáil, yaani baraza la chini, na nusu wakateuliwa na mkuu wa serikali, W. T. Cosgrave. Cosgrave aliteua kwa makusudi watu wengi wa jamii iliyokuwa upande wa Uingereza: mabwana wenye vyeo vya kurithi, wenye mashamba, Waprotestanti, ili wajione nao wana nafasi katika nchi mpya. Mshairi W. B. Yeats alikuwamo. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Lord Glenavy, mwanasheria aliyewahi kupinga vikali Ayalandi kujitawala. Kwa waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiukataa mkataba na Uingereza ulioizaa nchi hiyo, baraza la namna hiyo lilikuwa tusi, na nyumba za maseneta zikachomwa moto. Seneta Oliver St John Gogarty, daktari na mshairi, alitekwa Januari 1923 akaponea kwa kujitosa mto Liffey na kuogelea gizani. Baadaye aliushukuru mto kwa kuuletea mabata maji, ambao kweli aliwaachia majini mwaka 1924.

Chuki hiyo haikupoa. Walioshindwa vitani waliunda chama cha Fianna Fáil chini ya Éamon de Valera, wakaingia Dáil mwaka 1927, na Machi 1932 wakashika serikali. Seneti waliyoikuta bado ilikuwa mikononi mwa wapinzani wao, kwa sababu maseneta hawakubadilishwa wote kwa mpigo. Theluthi moja tu ilirudi kuchaguliwa kila baada ya miaka mitatu.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu silaha zilizoiua Seneti hazikutengenezwa na de Valera. Katiba ya 1922 iliwapa maseneta njia ya kudai kura ya maoni juu ya muswada, yaani kuwapelekea wananchi wenyewe waamue. Mwaka 1928 serikali ya Cosgrave ilikifuta kipengele hicho, kwa hofu kwamba Fianna Fáil wangetumia utaratibu wa namna hiyo hiyo kukusanya saini na kupigisha kura juu ya kiapo cha utii kwa Mfalme, ambacho wabunge walilazimika kula. Kisha kulikuwa na suala la kurekebisha Katiba. Kwa miaka minane ya mwanzo Bunge liliruhusiwa kuibadilisha kwa sheria ya kawaida tu. Mwaka 1929 serikali hiyo hiyo ikaongeza muda huo hadi miaka kumi na sita. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole: aliyekuja baadaye na wingi wa viti angeweza kufuta lolote katika Katiba, Seneti ikiwamo, bila kumuuliza mwananchi.

Kitu kimoja tu waliwaongezea maseneta. Mwaka 1928 muda wa kuchelewesha ulirefushwa kutoka siku 270 hadi miezi 18, na juu yake siku 60 baada ya muswada kurudishwa mara ya pili. Lakini kulikuwa na njia ya mkato: uchaguzi mkuu ukifanyika katikati, Dáil mpya haikulazimika kungoja ile miezi 18.

De Valera aliipita njia hiyo mapema. Muswada wake wa kuondoa kiapo cha utii ulifika Seneti mwaka 1932, na maseneta wakaubana kwa masharti kwamba kwanza kuwe na makubaliano na Uingereza. Januari 1933 akaitisha uchaguzi, akaushinda, akaurudisha muswada, na mwezi Mei kiapo kikaondoka.

Kilichomaliza subira yake ni mashati. Mwaka 1933 Eoin O'Duffy, mkuu wa polisi aliyefukuzwa kazi na de Valera, alichukua uongozi wa kundi la wafuasi waliovaa mashati ya bluu na kusalimiana kwa kunyoosha mkono, mtindo uliokuwa ukitamba Ulaya wakati huo. Kundi hilo liliungana na chama cha Cosgrave kuunda Fine Gael. Serikali ikaleta muswada wa kupiga marufuku sare za kisiasa, Dáil ikaupitisha, na tarehe 21 Machi 1934 Seneti ikaukataa. Kesho yake, tarehe 22, de Valera akawasilisha muswada wa kuifuta Seneti yenyewe.

Kwa maoni yangu maseneta walichagua uwanja mbaya wa kupigania. Kutetea uhuru wa raia ni jambo la heshima, ila walionekana wanatetea mashati ya chama chao. Muswada wa sare haukuwahi kuwa sheria, na O'Duffy aliondoka Fine Gael Septemba mwaka huo huo, kundi lake likasambaratika. Ugomvi uliowasha moto ukawa umezimika kabla Seneti haijafa.

Seneti iliukataa muswada wa kujifuta, kama ilivyotarajiwa, na saa ikaanza kuhesabu. Ndiyo maana kati ya mwaka 1934 na 1936 Ayalandi ilikuwa na baraza lililokwishahukumiwa, ambalo bado liliketi, likajadili miswada na kuirekebisha. Kwa siku 270 za zamani lingekuwa limekwisha mapema zaidi. Ule muda mrefu wa 1928 ndio uliolinunulia uhai. Desemba 1935 Dáil iliwaletea maseneta muswada mara ya pili. Siku 60 zikapita. Seneti iliketi kwa mara ya mwisho tarehe 19 Mei 1936, mwenyekiti akiwa Thomas Westropp Bennett. Siku chache baadaye Dáil ikapitisha azimio kwamba muswada uhesabiwe umepitishwa na mabaraza yote mawili, ingawa moja halikuupitisha kamwe, na tarehe 29 Mei ukawa sheria.

Nchi iliyobaki na baraza moja ilionja mwendo wake mwaka huo huo. Mfalme Edward wa Nane alipojiuzulu Desemba 1936, de Valera aliitisha Dáil haraka, na tarehe 11 Desemba, ndani ya siku moja, Mfalme na Gavana Mkuu aliyemwakilisha wakaondolewa kwenye Katiba. Hapakuwa na wa kusema subirini. Wafuasi wa de Valera wangekuambia hilo ndilo lililotakiwa.

Lakini de Valera mwenyewe hakutaka nchi ibaki na baraza moja daima. Tayari mwaka 1936 alikuwa ameunda tume, chini ya Jaji Mkuu Hugh Kennedy, kufikiria Seneti ya aina nyingine, na Katiba ya 1937 ikairudisha: watu 60 tena, 43 kutoka makundi ya fani kama kilimo, kazi na elimu, 6 wa vyuo vikuu, na 11 walioteuliwa na mkuu wa serikali. Hao 11 ndio ufunguo, kwani serikali ni nadra sasa kukosa wingi wa viti humo. Nguvu ya kuchelewesha nayo ikashushwa hadi siku 90.

Tarehe 4 Oktoba 2013 wananchi waliulizwa kama Seneti hiyo ya pili nayo ifutwe, maana safari hii Katiba haikubadilika tena bila kura yao. Aliyetaka ifutwe alikuwa Enda Kenny wa Fine Gael, mkuu wa serikali wakati huo. Fianna Fáil, chama cha de Valera, kilipiga kampeni ibaki, na ikabaki kwa asilimia 51.7 ya kura.