Chumvi haivuti maji, na mengine tunayoyakosea kuhusu seli

Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, kiache kwenye bakuli kama dakika kumi. Ukirudi utakuta chini maji ambayo hukuyatia wewe. Yametoka kwenye seli za kitunguu, na watu wengi huyaeleza visivyo.

Dhana: Chumvi huyanyonya maji kama sponji.

Ukweli: Molekuli za maji hazitulii. Kila wakati zinapita kwenye utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, nyingine zikiingia, nyingine zikitoka. Nje kukiwa na chumvi nyingi, zinazotoka huzidi zinazorudi, na tofauti hiyo ndiyo osmosisi. Hata pande mbili zikilingana maji hayasimami, ila yanayoingia huwa sawa na yanayotoka. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, kwa kuandika kwamba maji "yameacha kupita".

Dhana: Mnyama ana utando wa seli, mmea una ukuta wa seli.

Ukweli: Mmea una vyote viwili. Ukuta wa selulosi hushikilia umbo, na maji na chumvi hupita humo bila shida. Anayechagua kipi kipite ni utando ulio ndani yake, ambao unene wake ni kama nanomita 7 hadi 8 tu. Chukua mchicha ulionyauka, uchovye mashina kwenye maji, uone majani yanavyosimama tena: seli zimejaa maji, utando unausukuma ukuta, nao ukuta haukubali kutanuka zaidi. Seli nyekundu ya damu haina ukuta wa kuizuia. Ukiitia kwenye maji matupu itavimba hadi ipasuke, ndiyo maana dripu ya chumvi hutengenezwa kwa asilimia 0.9.

(Na mmea una mitokondria pia, sehemu za seli zinazotoa nishati kwa kupumua. Kuwa na kloroplasti, sehemu zinazotengeneza chakula kwa mwanga, hakuuzuii kupumua.)

Dhana: Sukari kwenye ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayehara) ni ya kuleta ladha, na mtoto anayehara anaweza kupewa soda badala yake.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu mtoto anaweza kuipoteza roho yake hapa. Kwenye utando wa seli za utumbo mdogo kuna protini iliyo kama mlango wa abiria maalumu: molekuli moja ya glukosi, aina ya sukari, huingia pamoja na ioni mbili za sodiamu, yaani chembe zenye chaji zitokazo kwenye chumvi. Mwanabiokemia Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960. Zikishaingia, upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nishati kuitoa sodiamu kuelekea kwenye damu, ikitoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kila mzunguko. Maji huifuata chumvi hiyo kwa osmosisi. Kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi na maji kwa wingi, lakini mlango wa glukosi na sodiamu hubaki ukifanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuokolewa kwa kikombe cha ORS.

Maji matupu hayana sodiamu wala glukosi ya kuufungua mlango huo. Soda ina sukari nyingi mno na sodiamu kidogo, kwa hiyo maji hutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huongezeka.

Pakiti ya ORS ikiwepo, ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtoto akishindwa kunywa au akilegea, apelekwe hospitali mara moja. Vijiko visirundikwe: vifutwe juu kwa mgongo wa kisu mpaka vilale sawa, hasa cha chumvi, kwa kuwa chumvi ikizidi huyatoa maji kwenye seli za mtoto yuleyule unayetaka kumrudishia maji.