Je, wajua kwa nini "muone na umsaidie" haitoshi kwenye barua ya rufaa ya mgonjwa wa akili?

Chukua mfano huu. Mama wa miaka 24 amefikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa na mume wake na dada yake. Dada ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, imelegea kwa jasho la safari. Juu yake pameandikwa: "Amechanganyikiwa. Hajalala siku tatu. Tafadhali muone na umsaidie." Chini kuna sahihi na mhuri wa kituo cha afya. Basi.

Hakuna palipoandikwa kwamba alijifungua siku tisa zilizopita.

Mtoto ameachwa kwa bibi, kwa hiyo anayempokea mgonjwa haoni kichanga chochote. Mume, kwa haya na hofu, anajibu anachoulizwa tu. Mama anaweza kuwekwa kwenye foleni ya kawaida, akasubiri na wagonjwa wa marudio, wakati alichonacho kinafanana na kichaa cha uzazi, ugonjwa unaompata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Hiyo ni dharura. Hali hubadilika ndani ya saa chache, na maisha ya mama na ya mtoto yote yamo hatarini. Akitibiwa mapema, mama wengi hurudi kwenye hali yao kabisa. Laiti barua ingesema "siku ya 9 tangu ajifungue", daktari angeuliza mara moja: mtoto yuko na nani? Ananyonya? Mama ana homa, uchafu unanuka? Maambukizi ya uzazi nayo huweza kumfanya mtu aweweseke.

Wengi hudhani barua ya rufaa ni kibali cha kupita getini tu. Kwa mguu uliovunjika, pengine. Barua ikipotea njiani, mfupa bado umevunjika na eksirei itauonyesha kwa yeyote. Lakini hakuna eksirei ya sonono, wala kipimo cha damu kinachothibitisha skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Ushahidi wa daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni masimulizi: mtu huyu alikuwaje kabla, kilianza nini, kikafuata nini, kwa muda gani. Na siku ya kliniki mgonjwa anaweza kuwa mtulivu kabisa, au akakataa kusema. Tena aliyeshuhudia mambo usiku wa manane siye aliyepewa nauli ya kumsindikiza. Barua ndiyo shahidi aliyebaki.

Ndiyo maana naamini kosa kubwa la barua hizi halitokani na ufupi wake. Kosa ni kukimbilia kutaja ugonjwa na kuacha kusema kilichoonekana. Tabibu anaona aibu kutuma mgonjwa bila jina la ugonjwa, basi anaandika "saikosisi" (hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia) na alama ya kuuliza. Lingefaa zaidi kama angeandika: "Anasema majirani wanamsema kupitia redio. Mama yake alizima redio, akaendelea kusikia. Ilianza Ramadhani, baada ya kuacha kazi. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani, hana historia hii." Mistari minne hiyo daktari bingwa ataifanyia kazi hata kama jina la ugonjwa halipo.

Halafu kuna mwili. Sisi wenyewe tunasema "malaria imempanda kichwani", na usemi huo una ukweli ndani yake. Malaria kali, sukari kushuka, maambukizi ya ubongo, kaswende iliyokaa miaka mingi, VVU, kuacha pombe ghafla baada ya kunywa kila siku: yote haya humfanya mtu aongee maneno yasiyoeleweka na aone visivyokuwepo. Barua iseme joto la mwili, presha, majibu ya kipimo cha malaria, sukari ya kwenye kidole. Kama kipimo hakikufanyika kwa sababu vitendanishi vimekwisha, iandikwe hivyo hivyo. Mstari ulioachwa wazi utasomwa na mtu mwingine kana kwamba kila kitu ni salama. Na fahamu ikipanda na kushuka, asubuhi anakutambua na jioni hajui yuko wapi, hiyo ni dalili inayoelekeza mwilini kwanza, na bingwa anahitaji kuijua kabla hajamwandikia dawa ya usingizi.

Dawa nazo. "Anatumia dawa za akili" ni sawa na kutoandika kitu. Linganisha na hii: "Haloperidol miligramu 5 usiku tangu Machi. Aliacha mwenyewe wiki tatu zilizopita, shingo ilikakamaa ikageukia upande." Hapo daktari anajua mambo mawili makubwa: kwa nini ugonjwa umerudi, na kwamba mgonjwa huyu hakuwa mkaidi. Dawa ilimuumiza, akaogopa. Bila sentensi hiyo ataandikiwa ileile, shingo itakakamaa tena, na safari hii hatarudi hospitali. Atapelekwa kwa mganga. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote kwenye barua nyingi, na ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Kuhusu hatari, "ana mawazo ya kujiua" ni mwanzo tu. Amesema lini, kwa maneno gani yake mwenyewe, amewahi kujaribu, anaishi na nani, vitu vya hatari vimeondolewa nyumbani? Wapo wahudumu wanaoogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mgonjwa wazo. Hapana. Kumuuliza mtu kwa upole hakumtii wazo hilo kichwani, na wengi hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza.

Mwisho wa barua panahitajika swali. Unataka bingwa afanye nini: alaze? Athibitishe ugonjwa? Abadilishe dawa? Apange matibabu, kisha amrudishe mgonjwa uendelee naye wewe? Mgonjwa anayetoka Kigoma kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma iliyojengwa mwaka 1927, anakata zaidi ya kilomita 700. Ni uchungu asafiri umbali huo kwa jambo ambalo lingemalizika mkoani kwa simu moja, kama swali lingeandikwa wazi.

Sasa, mbona barua haziboreki? Sitaki kumlaumu tabibu wa zahanati. Ana foleni ndefu nje ya mlango, na fomu yenyewe imemwachia mistari mitatu ya "maelezo ya mgonjwa". Mwaka 2008 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 17 kuhusu njia za kuboresha rufaa kutoka huduma za msingi kwenda kwa mabingwa, rufaa za magonjwa ya aina mbalimbali. Kusambaza miongozo peke yake hakukuonyesha kusaidia. Kilichoonyesha matumaini ni miongozo inayokwenda pamoja na fomu yenye vipengele vilivyopangwa, na mabingwa wenyewe kushiriki kuwafundisha wanaowapelekea wagonjwa. Kwa maneno mengine, waraka uliobandikwa ukutani haubadilishi mkono unaoandika. Fomu inayouliza "amejifungua lini?" inaubadilisha.

Na kuna mrejesho, ambao kwa maoni yangu ndio mwalimu aliyesahaulika. Tabibu anatuma mgonjwa, mlango unafungwa, hasikii tena. Hajui kama alikuwa sahihi, hajui aendelee na dozi gani mgonjwa akirudi kijijini. Mistari mitano kutoka kwa bingwa (tulichokuta, dawa, dalili za kuangalia, tarehe ya kurudi, namba ya kupiga) ingemfundisha kuliko semina ya siku mbili.

Kumbuka pia nani anaibeba barua. Kwetu mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe au ndugu, kwenye mfuko pamoja na kitenge na chupa ya maji. Itasomwa na shemeji, na mlinzi wa getini, na mgonjwa mwenyewe atakapopata nafuu. Neno kama "kichaa mkorofi" litamkaa moyoni miaka. Aandikiwe kama mtu atakayeisoma, na iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa.

Ndugu wa mgonjwa anaweza kuziba pengo fulani hata barua ikiwa ya mistari miwili. Kabla ya kupanda basi, aandike kwenye karatasi yake: siku mabadiliko yalipoanza, kilichotangulia, usingizi na chakula vikoje, nani kwenye ukoo aliwahi kuugua hivi, na namba ya simu ya anayelala naye nyumba moja. Dawa zote ziende kwenye mfuko, na za mganga pia, bila kuficha. Hata pakiti tupu zisitupwe: jina la dawa na miligramu zake vimeandikwa pale pembeni.