Mzigo wa Mwenzio: Nani Hulipia Nyama ya Bei Nafuu?

Kazi yangu ya udaktari wa mifugo imenipeleka mara nyingi kwenye mabanda makubwa, yale yanayolaza kuku elfu ishirini chini ya paa moja, na kila ninapofika hukabidhiwa daftari lenye hesabu safi kabisa: idadi ya vifaranga walioingia, kilo za chakula kilicholiwa, vifo vya kila siku, uzito wa wastani, na mwishoni idadi ya kilo za chakula zilizotumika kupata kilo moja ya kuku. Daftari hilo halidanganyi. Kasoro yake ni kwamba linaishia getini. Kinachotoka getini kikiwa nyama huhesabiwa hadi gramu. Kinachotoka kikiwa kinyesi, gesi, au bakteria waliokwisha kuzizoea dawa hakina hata safu moja. Makala haya yanahusu vitu hivyo visivyo na safu, kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya unafuu tunaousifu katika ufugaji wa viwandani imepatikana kwa kumhamishia gharama mtu mwingine.

Wachumi wamelijadili jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Arthur Pigou alilieleza kwa kina mwaka 1920: shughuli ya mtu mmoja inaweza kumtia hasara mwingine asiyehusika nayo kabisa, na bei ya sokoni isionyeshe chochote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nayo bei hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, maana asiyeubeba mzigo huuona hauna uzito. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilijaribu kuupima mzigo huu katika nchi 154, likakadiria kwamba mifumo ya chakula na kilimo ilizalisha gharama zilizofichika zisizopungua dola trilioni 10 kwa mwaka 2020, yaani karibu asilimia 10 ya pato la dunia. Zaidi ya asilimia 70 ya gharama hizo ilitokana na maradhi ya ulaji usiofaa, hasa vyakula vilivyosindikwa sana na kujazwa mafuta na sukari, na takriban moja ya tano ilitokana na uharibifu wa mazingira. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa haukuingizwa katika hesabu hiyo, kwa kuwa takwimu hazikutosha. Nitaanza na huo, kwa kuwa ndio unaonihusu zaidi kitaaluma na ndio unaonikosesha usingizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Waliwalisha mabaki yaliyotokana na utengenezaji wa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na vifaranga hao wakakua kwa kasi kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1950, kiasi kidogo cha antibiotiki kikawa sehemu ya kawaida ya chakula cha mifugo, na mnyama akawa anainywa dawa kila siku bila kuugua. Ni vigumu kubuni njia bora zaidi ya kuwafundisha bakteria kuishinda dawa. Dozi ndogo huwaua wale dhaifu na kuwaachia uwanja wale wanaostahimili, tena jeni za ustahimilivu mara nyingi hukaa kwenye vipande vya DNA ambavyo bakteria wa aina moja huweza kumpitishia bakteria wa aina nyingine kabisa. Alexander Fleming alikuwa amekwisha kuonya juu ya hatari ya dozi pungufu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Kisa cha kolistini kinaonyesha gharama hii inavyosafiri. Kolistini ni dawa ya zamani ambayo madaktari wa binadamu waliiacha kwa sababu ilikuwa ikidhuru figo, kisha wakairudia kama kimbilio la mwisho pale dawa nyingine zote zilipoanza kushindwa. Wakati huo huo ilikuwa ikichanganywa kwa wingi kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe. Mwishoni mwa mwaka 2015 wanasayansi nchini China waliripoti jeni waliyoiita mcr-1, inayowapa bakteria ustahimilivu dhidi ya kolistini na inayoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine; waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama iliyokuwa ikiuzwa, na kwa wagonjwa hospitalini. China ilipiga marufuku kuitumia kolistini kama kikuzaji mwaka 2017, lakini kufikia wakati huo jeni ilikuwa imekwisha kuonekana katika mabara kadhaa.

Ni kosa kuutwika ufugaji lawama yote ya usugu, kwani matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu yana sehemu kubwa sana katika vifo vitokanavyo na usugu huo, ambavyo kwa mwaka 2019 vilikadiriwa kufikia milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba takriban asilimia 73 ya dawa za kuua vimelea zinazouzwa duniani huenda kwa mifugo. Kinachonisumbua zaidi ni sababu ya dawa hizo kuhitajika. Katika hali ya asili kitoto cha nguruwe huachishwa kunyonya polepole, kwa muda wa miezi mitatu hivi au zaidi. Katika ufugaji wa viwandani hutenganishwa na mama yake akiwa na wiki tatu au nne, utumbo wake haujawa tayari kwa chakula kikavu, na kuhara humwandama karibu kwa hakika. Dawa hapo haitibu ajali, bali huziba pengo ambalo mfumo wenyewe umeliweka kwa makusudi ili jike apandishwe tena mapema. Kwa muda mrefu Ulaya iliziba pengo hilo pia kwa dozi kubwa za oksidi ya zinki, ambayo nayo ilipita kwenye kinyesi na kulundikana udongoni, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoikataza kwa matumizi hayo mwaka 2022.

Tuje kwenye kinyesi chenyewe, ambacho katika kilimo cha kale kilikuwa mali. Ng'ombe alikula majani ya shamba, samadi ikarudi shambani, na naitrojeni ikazunguka ndani ya eneo ambalo mtu angeweza kulitembea kwa miguu. Ufugaji wa viwandani umeukata mzunguko huo mara mbili. Soya hulimwa Brazili, hupakiwa melini, huliwa na nguruwe upande wa pili wa bahari, na kinyesi hubaki huko kilikoliwa chakula, kikiwa kingi kuliko ardhi ya jirani inavyoweza kukimeza. Kule mahindi na soya vilikotoka, rutuba iliyoondoka hufidiwa kwa mbolea ya viwandani. Kwa hiyo virutubisho vile vile huwa upungufu wa kununuliwa mahali pamoja na sumu ya kutupwa mahali pengine.

Katika jimbo la North Carolina, nchini Marekani, kinyesi cha nguruwe huhifadhiwa kwenye mabwawa ya wazi. Mwezi Juni 1995 ukingo wa bwawa moja ulibomoka, na zaidi ya lita milioni 90 za kinyesi zikamwagikia mto New River na kuua samaki kwa wingi. Miaka minne baadaye mafuriko ya kimbunga Floyd yaliyafunika mabwawa mengi kwa mara moja. Matukio kama hayo hupigwa picha na kutangazwa. Madhara ya polepole hayapigwi picha. Naitrati, chumvi ya naitrojeni itokanayo na samadi na mbolea, hunywea kimyakimya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Mji wa Des Moines, katika jimbo la Iowa, hulazimika kuendesha mtambo maalumu wa kuiondoa naitrati kwenye maji ya kunywa, na gharama hiyo hulipwa na mwenye bomba, hata kama hajapata kununua kipande cha nyama maishani mwake. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya mji huo ilizishtaki wilaya tatu za juu ya mto ili zichangie gharama. Kesi ikatupwa mwaka 2017. Mwaka huo huo, mbali kule kusini ambako maji ya mto Mississippi huishia, eneo la Ghuba ya Meksiko lisilo na oksijeni ya kutosha viumbe kuishi lilipimwa na kukutwa na ukubwa wa kilomita za mraba 22,730, kubwa kuliko lote lililowahi kupimwa hapo. Mwani ulioshiba mbolea na samadi humea, hufa, huoza, na katika kuoza huimaliza hewa yote iliyo majini.

Wakati mwingine mlipaji huwa mtu ambaye hakuna angemfikiria. Nchini Uholanzi, yenye mifugo mingi mno kwa ukubwa wa ardhi yake, mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliamua mwezi Mei 2019 kwamba utaratibu wa serikali wa kutoa vibali vya shughuli zinazotoa naitrojeni haukuyalinda maeneo ya asili kama sheria ilivyotaka. Maelfu ya miradi ikakwama, ikiwamo ya nyumba na barabara. Mtu aliyekuwa akingoja nyumba akajikuta akilipia amonia, gesi yenye naitrojeni itokanayo na kinyesi, iliyopanda hewani kutoka kwenye mabanda ambayo hajapata kuyaona. Amonia hiyo, isipotua udongoni, huungana na gesi za magari na viwanda na kuwa chembe laini sana zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba hewa chafu itokanayo na kilimo husababisha vifo vipatavyo 17,900 kwa mwaka nchini Marekani peke yake.

Kuhusu magonjwa ya kuambukiza nitataja mawili tu. Nchini Uingereza ng'ombe, mnyama anayekula majani, walilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao kwa sababu ulikuwa protini ya bei ndogo. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulitambuliwa mwaka 1986, mamilioni ya ng'ombe yakateketezwa, na watu 178 wa nchi hiyo walikufa kwa ugonjwa wa ubongo ulioambatana nao. Nchini Malaysia, kati ya mwaka 1998 na 1999, virusi vya Nipah vilitoka kwa popo waliokula matunda ya miti iliyopandwa kando ya mabanda makubwa ya nguruwe, vikaenea katika nguruwe hao waliosongamana, kisha vikawaua watu zaidi ya mia moja. Zaidi ya nguruwe milioni moja waliuawa ili kuvizima. Hakuna bei ya nyama iliyokuwa imetenga akiba kwa ajili ya siku hizo.

Naye mnyama ana gharama yake, ingawa hana mfuko wa kulipia. Watafiti wa Kanada walilinganisha kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mwaka 2005, wakiwalisha chakula kile kile: katika umri wa siku 56, wa zamani walikuwa na gramu 905 kwa wastani, na wa kisasa gramu 4,202. Nyama imekimbia ikaiacha nyuma mifupa na moyo, na ndiyo sababu tunaowapasua kuku hawa baada ya kufa tumezoea kukuta miguu iliyopinda na matumbo yaliyojaa maji kwa moyo kuelemewa. Jambo ambalo wengi nje ya taaluma hawalijui ni kwamba wazazi wa kuku hawa, wanaohitaji kuishi muda mrefu ili watage mayai ya kutotoleshwa, hupimiwa chakula kidogo mno kuliko wanachotaka, kwa sababu wakiachwa wale hadi washibe hunenepa kiasi cha kushindwa kuzaa au kuishi. Wanaishi na njaa iliyopangwa. Nimesimama mbele yao wakati wa kulishwa, na sijaweza kuuzoea msukumano ule.

Najua jibu linalotolewa: bila uzalishaji wa namna hii chakula kingepanda bei, na maskini ndiye angeumia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Karibu nusu ya watu wa dunia wanakula mavuno yanayotegemea mbolea ya naitrojeni ya viwandani, na sitaki kuandika kana kwamba njaa ni jambo dogo. Lakini kwa upande wa mifugo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119 ulionyesha kwamba mazao ya wanyama huchukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kutoa asilimia 18 tu ya kalori. Tena anayeishi jirani na bwawa la kinyesi, au anayesimama kutwa kwenye mstari wa machinjio akirudia mkato ule ule kwa maelfu ya mara, si tajiri. Maskini hupunguziwa bei dukani, kisha hudaiwa kupitia mapafu, maji na mikono yake.

Yapo yanayowezekana, na hayakuiangamiza biashara. Sweden iliacha kutumia antibiotiki kama kikuzaji tangu mwaka 1986. Denmark, katikati ya miaka ya 1990, ilibana faida ambayo daktari wa mifugo angeweza kuipata kwa kuuza dawa anazoziandika yeye mwenyewe. Ninaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, ingawa inagusa mifuko ya watu wa taaluma yangu. Uholanzi ilipunguza mauzo ya antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu katika miaka michache baada ya 2009, kwa kumlazimisha kila mfugaji aandikishe matumizi yake na kuyalinganisha na ya wenzake. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Kilichoongezwa ni safu kwenye daftari.

Nami kwenye mabanda ninayoyahudumia nimeanza kuomba safu tatu za ziada: miligramu za antibiotiki kwa kila kilo ya nyama iliyouzwa, idadi ya kuku waliokutwa na vilema vya miguu, na uzito wa samadi pamoja na mahali ilikopelekwa. Mbili za kwanza sasa hujazwa, nyingine kwa uangalifu ulionishangaza. Ya tatu hurudi kwangu na uzito umeandikwa, na nafasi ya mahali ikiwa tupu.