Kuasisi koo za basenji Dar es Salaam: hesabu kwanza, banda baadaye

Anayetaka kuanzisha mbegu adimu ya mbwa hapa Dar kwa kawaida huanza na banda. Hupata kiwanja Goba au Kigamboni, hujenga vyumba, huweka wavu, kisha huagiza dume mmoja wa bei kubwa na majike wawili, mara nyingi wote kwa mfugaji mmoja. Mradi huo umeshaamuliwa kabla haujaanza. Vinasaba vyote ambavyo mbegu hiyo itakuwa navyo hapa kwetu ni vile walivyoingia navyo mbwa hao watatu. Lishe nzuri haiongezi hata kimoja, wala daktari hodari. Ndiyo maana naanza na hesabu.

Mfano wangu ni basenji, mbwa wa Kongo. Dume ana sentimita 43 begani na kilo 11, jike sentimita 40 na kilo 9.5. Masikio wima, paji lenye mikunjo, mkia uliojiviringa juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kati ya kuimba na kulia. Jina lake halimsumbui Mswahili: ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani watu wa bara, wa vijijini. Kwa maneno mengine, mbwa ambaye Ulaya wanamhesabu kuwa adimu alianza kama mbwa wa kijiji, asiyetofautiana sana na yule tunayemwita koko na kumrushia jiwe.

Historia yake inafaa kusomwa na kila mwenye ndoto ya banda. Basenji wawili walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1895, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, baada ya muda mfupi. Mbegu ilikuja kushika katikati ya miaka ya 1930, Olivia Burn alipofanikiwa kuwaleta na kuwazalisha, na mwaka 1937 wakaonyeshwa hadharani. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alitoka kusini mwa Sudan na jike mwekundu aliyeitwa Fula, na damu ya Fula leo imo karibu katika kila basenji wa Magharibi. Wote walitokana na mbwa wachache mno. Kisha ikajitokeza anemia (upungufu wa damu) ya kurithi, inayotokana na kasoro ya kimeng'enya cha piruveti kinasi. Wafugaji wakafanya kilichoonekana sahihi: kila mbebaji, yaani mbwa mwenye kinasaba kibovu kimoja ambaye mwenyewe haugui, akaondolewa kwenye uzazi. Anemia ikapungua, lakini msingi uliokuwa mwembamba ukazidi kukondeshwa, na ugonjwa wa Fanconi, ambao huharibu figo, ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walilazimika kurudi Zaire, yaani Kongo ya leo, kutafuta mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 kitabu cha ukoo cha klabu ya Marekani kikafunguliwa kwa mbwa 14 kati ya hao. Miaka hamsini ya ufugaji makini, na dawa ikapatikana kulekule kijijini.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua idadi ya madume wanaozalisha, zidisha kwa idadi ya majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya mbwa hao. Jibu ndilo ukubwa wa kweli wa kundi lako, hata kama bandani kuna vichwa vingi zaidi. Ukigawanya 1 kwa mara mbili ya jibu hilo, unapata kiasi ambacho udugu, yaani kuzaliana kwa mbwa wa damu moja, unapanda kila kizazi. Dume 1 kwa majike 6: kundi la kweli ni 3.4, udugu unapanda asilimia 14.6. Madume 2 kwa majike 6: kundi ni 6, asilimia 8.3. Madume 4 kwa majike haohao 6: kundi ni 9.6, asilimia 5.2. Ukiongeza majike mengine 6 juu ya hapo, wafike 12, unashuka hadi asilimia 4.2 tu. Angalia vizuri: madume wawili zaidi wamefanya kazi kubwa kuliko majike sita zaidi, kwa theluthi moja ya gharama ya chakula. Lakini nenda banda lolote, utakuta dume mmoja anayesifiwa na foleni ya majike.

Kwa kipimo: watoto wa baba na bintiye wana udugu wa asilimia 25, wa ndugu wa baba mmoja na mama tofauti 12.5, wa binamu 6.25. Kiwango ambacho wataalamu wa kuhifadhi mifugo hukitaja ni kupanda kusikozidi asilimia 1 kwa kizazi, na hapo unahitaji kundi la kweli la 50. Hakuna mtu Dar atakayelisha mbwa hao peke yake. Basi banda moja si mradi; mradi ni nyumba ishirini na tano au zaidi, kila moja na mbwa wawili watatu, Bunju, Chanika, Mbezi, Kigamboni, zenye daftari moja na sauti moja kuhusu nani ampande nani.

Katika kuchagua waasisi, yaani mbwa wa kwanza wa kuanzia mbegu, karatasi ya vizazi vitatu haitoshi. Mbwa anaweza kuonekana hana udugu wowote ndani ya vizazi vitatu, ukafika kizazi cha kumi ukakuta babu mmoja ametokea mara tisa. Mwombe mfugaji ukoo wa vizazi kumi, na kiwango cha udugu kilichopimwa kwa vinasaba kama anacho. Usinunue mbwa wanne wa tumbo moja ukadhani una waasisi wanne. Kwa pamoja hawawezi kubeba zaidi ya walichokuwa nacho wazazi wawili. Ni heri mbwa sita kutoka mabanda matano ya nchi tatu, wengine wakiwa na damu ya walioingia kitabuni mwaka 1990 au katika ufunguzi wa pili wa 2009 hadi 2013. Mwenye mistari ya chui milia ni dokezo zuri, maana rangi hiyo iliingia Marekani na kundi la 1990.

Mwasisi akishafika, kosa linalofuata ni kubakiza mtoto mmoja tu, "mzuri kuliko wote", na kuwauza wengine kama mbwa wa nyumbani. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya mzazi. Ukibakiza mmoja, umetupa nusu ya ulichokinunua kwa dola na tiketi ya ndege. Wawili huhifadhi asilimia 75, watatu 87.5, wanne karibu 94. Kanuni yangu ni wanne kwa kila mwasisi, waingie kwenye uzazi wao wenyewe, hata kama mmoja ana mkia uliolegea kidogo. Mkia hurekebishwa kwa vizazi viwili. Kinasaba kilichopotea hakirudi.

Kupangilia kizazi cha kwanza na cha pili si kazi ngumu. Gawa majike waasisi katika koo tatu au nne, uzipe majina ya mama: ukoo wa Zawadi, wa Neema, wa Tatu. Watoto wote hubaki ukoo wa mama yao. Madume ndio wanaohama, na siku zote kwa upande mmoja: dume wa Zawadi huenda kwa Neema, wa Neema kwa Tatu, wa Tatu kwa Zawadi. Mtu yeyote katika kundi anaweza kuufuata mpango huu bila kompyuta. Unaharibika pale mtu anapomtumia dume aliye jirani kwa sababu ya nauli ya bajaji.

Kuhusu Fanconi nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo watu hurudia kosa la zamani. Ugonjwa hurithiwa kwa pande zote mbili: mbwa huugua akipokea kinasaba kibovu kwa baba na kwa mama. Tangu 2011 kuna kipimo cha moja kwa moja cha vinasaba. Unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, unakiacha kikauke, unakituma maabara nje. Mbebaji akipandana na aliye safi, kwa wastani nusu ya watoto ni wabebaji na nusu safi, hakuna mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo mbebaji mwenye damu adimu haondolewi. Anapandishwa na aliye safi, watoto wanapimwa, na walio safi ndio wanaochukua nafasi yake. Wabebaji wawili ndio wasikutane kamwe: robo ya watoto wataugua, na hawaonyeshi chochote mpaka umri wa miaka minne hadi minane, wakati wameshazaa.

Mbwa ambaye hajapimwa fuatilia kwa mkojo. Kuanzia umri wa miaka mitatu, kila mwezi, mtoe alfajiri kabla hajanywa maji, kinga mkojo wake kwa upawa wa mpini mrefu, chovya kijiti cha kupimia kinachouzwa duka la dawa kwa wagonjwa wa kisukari. Subiri kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, kisha linganisha kiraba cha glukosi na rangi za kopo. Kikibadilika, pima sukari ya damu kwa mashine ya kawaida. Sukari ikiwa mkojoni na damu ikasoma kati ya 4 na 6.5 (milimoli kwa lita), tatizo si kisukari, ni figo, na daktari aambiwe hivyo waziwazi asije akaanzisha insulini.

Uzazi wa basenji una tabia yake. Jike wengi huingia joto mara moja kwa mwaka, na kule kaskazini ni Septemba hadi Novemba, siku zinapofupika. Dar urefu wa mchana hautofautiani hata saa moja na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kalenda usiitegemee. Chunguza uvimbe na damu kila wiki. Jike akianza kutoa damu, pima projesteroni, homoni ya uzazi iliyomo kwenye damu, kuanzia siku ya tano au sita, kila baada ya siku mbili. Ikifika 2 homoni ya kuachilia mayai imepanda. Ikifika 5 mayai yanatoka. Mpandishe siku mbili baadaye, kisha rudia baada ya siku mbili nyingine. Hizo ni nanogramu kwa mililita. Maabara za binadamu hapa mjini hupima vizuri kabisa, ila baadhi hutoa jibu kwa nanomoli kwa lita, na 5 ya kwanza ni sawa na 16 ya pili. Mtu akisoma 5 ya nanomoli akakimbilia kupandisha, amewahi kwa siku kadhaa, jike hashiki, na mwaka mzima umekwenda. Soma kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba kabla ya kusoma namba. Kuzaa ni siku 63 baada ya mayai kutoka. Joto la mwili likishuka chini ya 37.2, leba iko ndani ya saa 24.

Banda sasa. Ukuta upigwe lipu laini mpaka juu, bila nyufa, kwa sababu kupe wa kahawia hutaga kwenye nyufa na si majanini, na kupe huyo ndiye anayeleta erlikia, ugonjwa wa bakteria wa damu ya mbwa. Bati peke yake Januari ni tanuri; weka dari na nafasi ya upepo upande wa bahari. Wavu uwe na urefu wa mita 1.8 na ukunjwe kwa ndani juu, basenji hupanda kama paka. Chanjo ya distempa, paravairasi na kichaa cha mbwa haina mjadala. Mtaani Dar virusi hivyo vipo, na kundi dogo la waasisi halina mbwa wa kupoteza.

Kabla ya kuagiza, kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya mifugo na cheti cha afya viwe mkononi. Mwombe muuzaji karatasi ya ukoo ya kusafirishia nje iliyotolewa na klabu ya nchi yake, kwani bila hiyo watoto wako hawatatambulika popote. Chipu iwe ya tarakimu 15, na daktari aisome mbele yako na kuilinganisha na karatasi. Mtoto asitoke bandani bila chipu na sampuli ya pamba iliyobaki kwako. Katika mkataba wa kuuza andika mambo matatu: mnunuzi hampandishi mbwa bila kibali cha kundi, akishindwa kumtunza mbwa anarudi kwako kabla hajaenda kwa mtu mwingine, na dume yeyote akifikisha mizao miwili anapumzishwa mpaka madume wengine wa umri wake wafikie hapo.